Joginder Singh: Fundi wa Injini Aliyeitwa Simba

Kwa miaka mingi katika barabara za Kenya, dereva aliyekimbiza gari kupita kiasi aliulizwa na abiria, na pengine hata na askari wa trafiki, iwapo alijidhania kuwa Joginder Singh. Swali hilo halikuhitaji jibu. Lilitosha kumkumbusha mhusika kwamba mwendo ule ulikuwa na mwenyewe. Lugha ya watu hufanya hivyo aghalabu: hulichukua jina la mtu mmoja na kuligeuza kuwa kipimo cha wote. Hata hivyo, kipimo hiki kilichukua nusu tu ya mtu aliyepimiwa. Joginder Singh, bingwa wa mbio za magari za Safari katika miaka ya 1965, 1974 na 1976, alikuwa fundi wa injini kabla ya kuwa dereva wa mashindano, na ufundi haukumtoka alipokamata usukani. Katika mashindano 22 ya Safari aliyoshiriki, alifika mwisho mara 19. Idadi hiyo haielezeki kwa kasi peke yake. Maelezo yake yamo gerejini, katika saa zile ambazo hapakuwa na mtazamaji wala mpiga makofi.

Kericho na watu wa spana

Joginder alizaliwa mjini Kericho tarehe 9 Februari 1932, katika nyanda za chai zilizo magharibi mwa msitu wa Mau. Baba yake, Sardar Battan Singh, alikuwa mhamiaji kutoka Punjab. Familia kama hiyo haikuwa kitu cha ajabu katika miji ya Bonde la Ufa. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 ilifika Nakuru mwaka wa 1900 na Kisumu mwaka wa 1901, na zaidi ya vibarua na mafundi 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kuijenga. Wengi walirejea kwao kazi ilipokwisha. Waliobaki, pamoja na wenzao waliowafuata baadaye, wakawa waashi, maseremala, wahunzi, wenye maduka na makanika.

Njia nyingine nyingi zilikuwa zimefungwa. Katika enzi ya ukoloni, mashamba ya nyanda za juu kuanzia Naivasha hadi Nakuru, Njoro na Molo yalitengewa Wazungu. Mwafrika alikubaliwa humo kama kibarua, naye Mhindi hakuruhusiwa kumiliki ardhi hiyo. Shule, hospitali na mitaa ya makazi vilipangwa kwa rangi ya ngozi. Ardhi ilipofungwa, mlango wa karakana ukabaki wazi, kwa kuwa trekta ya mlowezi iliyokwama katikati ya mavuno haikuuliza mkono ulioshika spana ulikuwa wa rangi gani.

Kiswahili nacho kilishuhudia historia hiyo na kuihifadhi. Neno gari lenyewe lina asili ya Kihindi, na lilikuwa limezoeleka katika Kiswahili kabla Joginder hajazaliwa. Masingasinga wakaitwa Kalasinga na Waswahili wa bara, na masikioni mwa Wakenya wengi jina hilo likakaribia kumaanisha fundi wa magari. Kijana aliyezaliwa katika jamii hiyo alikuwa amekwisha kubatizwa kazi na lugha ya majirani zake kabla hajaichagua mwenyewe.

Joginder aliichagua. Alipomaliza masomo aliingia katika gereji ya baba yake na kujifunza kazi kwa mikono: kufungua injini, kuiosha, kuipima, kuifunga tena. Baadaye, katika miaka ya 1950, aliajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki akiwa askari wake wa kwanza wa doria barabarani. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia wenye magari walioharibikiwa njiani. Ni vigumu kufikiria chuo bora zaidi kwa mtu ambaye siku moja angeshindana katika barabara hizo hizo. Fundi wa gereji huliona gari likiwa limekwisha kuvutwa hadi mlangoni. Fundi wa doria huliona pale pale lilipofia, na kando yake huliona shimo, jiwe, mto au mlima uliolishinda.

Nchi inayoinyima injini pumzi

Mashindano ya Safari yalianzishwa mwaka wa 1953, yakiwa na jina la kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, katika barabara za kawaida zilizokuwa na mabasi, ng'ombe na twiga, tena majira ya Pasaka ambapo mvua za masika huwa zimekaribia au zimekwisha kuanza. Ilipokauka, vumbi la aliyetangulia lilimfumba macho aliyefuata. Iliponyesha, udongo mwekundu wa nyanda za juu uligeuka utelezi na ule mweusi wa mabondeni ukawa gundi. Mwaka wa 1963, na tena mwaka wa 1968, magari zaidi ya 80 yaliondoka na saba tu yakamaliza.

Adui mmoja, lakini, hakuonekana kwa macho. Injini hupumua kama kiumbe hai: huvuta hewa, huichanganya na petroli, huuchoma mchanganyiko huo ndani ya silinda na kutoa moshi. Mombasa, iliyo usawa wa bahari, hewa ni nzito. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya bahari, na hapo kanieneo ya hewa imepungua hadi kama nne kwa tano ya ile ya pwani. Barabara inapopanda kutoka Nakuru kupitia Molo hadi Mau Summit na kuendelea Timboroa, hupita mita 2,700, na hewa inazidi kuwa hafifu. Injini iliyotoka Mombasa na nguvu za farasi 100 hupanda Timboroa ikiwa imepoteza karibu robo ya nguvu hizo, bila kuwa na ugonjwa wowote.

Kwa fundi wa zama za kabureta, hilo lilikuwa fumbo lenye pande mbili. Kabureta iliyopimwa kwa hewa ya pwani humimina petroli kupita kiasi inapofika milimani, kwa maana petroli haipungui kwa kadiri ile ile hewa inavyopungua. Injini hukohoa, moshi mweusi hutoka, plagi hushika masizi. Kabureta iliyopimwa kwa hewa ya Timboroa nayo huinyima injini petroli inapoteremka pwani. Joto ndani ya silinda hupanda, injini hugonga, na mwisho wake pistoni hutoboka. Dereva wa Safari alipita katika hali zote mbili ndani ya siku chache na kwa injini moja. Fundi hakuweza kumtafutia kipimo kilicho bora kila mahali. Aliweza tu kumtafutia kile ambacho hakingemuua popote.

Hapo ndipo njia mbili za kuunda injini ya mbio zilipoachana. Njia ya kwanza ilitafuta nguvu yote iliyowezekana: pistoni za kubana mchanganyiko zaidi, vali za kufunguka kwa upana na kwa muda mrefu, mzunguko wa kasi isiyo ya kawaida. Injini ya aina hiyo hung'ara katika mbio za saa moja. Njia ya pili ilitafuta nguvu ambayo injini ingeweza kuibeba kwa maelfu ya kilomita. Ilidai pistoni zenye uzito sawa, silinda zenye kipimo kimoja, nati zilizokazwa kwa kadiri yake, mirija ya mafuta iliyofungwa mbali na mawe, na kichujio cha hewa kisichoruhusu vumbi la Bonde la Ufa kuingia na kusaga chuma. Kazi ya njia ya pili haionekani kwa nje. Joginder alikuwa mtu wa njia hiyo.

Volvo kuukuu

Joginder alianza kushiriki mashindano ya Safari mwaka wa 1959, akiwa na umri wa miaka 27, na nduguye Jaswant Singh akawa mwelekezi wake. Ndugu hao hawakuwa na kampuni kubwa nyuma yao. Mwaka wa 1965 waliingia na Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, moja ya magari yaliyoletwa na kiwanda kwa mashindano ya mwaka uliotangulia na kuachwa nchini baada ya hapo. Kwa sura lilikuwa gari la zamani lenye mgongo wa mviringo, na uundaji wake ulikoma kabisa mwaka huo huo. Lakini chini ya boneti mlikuwa na injini ya lita 1.8 yenye silinda nne na kabureta mbili, iliyosifika kwa uvumilivu. Joginder aliifungua na kuitengeneza mwenyewe.

Katika kura ya kupanga mwanzo, ndugu hao walipata nambari moja. Aliyeondoka wa kwanza hakula vumbi la mtu, ila pia hakuwa na wa kumwonyesha ni wapi daraja limekwenda na maji. Volvo ile haikusimama. Iliporejea Nairobi ilikuwa imewaacha washindani wote kwa saa moja na dakika 40. Kwa mara ya kwanza taji la Safari lilichukuliwa na Wakenya wenye asili ya Kiasia, na gari lililolitwaa lilikuwa limeachwa na wenyewe kana kwamba limekwisha kazi.

Ushindi huo ulikuja miaka miwili tu baada ya Kenya kujitawala, na una uzito usioonekana katika orodha ya matokeo. Nchi changa ilikuwa ikijiuliza nani ni mwana wa nyumbani. Mwaka wa 1967 zilipitishwa sheria za uhamiaji na za leseni za biashara zilizowabana wasio raia, na kufikia mwanzoni mwa 1968 maelfu ya Waasia walikuwa wakipanga foleni kwenye uwanja wa ndege kwenda Uingereza, kabla Uingereza nayo haijawafungia mlango kwa sheria ya mwaka huo. Katika miaka ile ile, kandokando ya barabara za Nakuru, Molo na Kericho, wakulima na watoto wa shule walisubiri usiku kucha ili gari la Joginder liwapite kwa nukta chache. Walimwita Simba. Swali ambalo bunge na magazeti yalilijadili kwa ukali, watu wa kando ya barabara walikuwa wamelijibu kwa jina la sifa.

Lancer ya lita 1.6

Baada ya 1965, Joginder alibadilisha magari bila kubadilisha tabia. Mwaka wa 1969 alikuwa wa pili akiendesha Volvo 142S, na mwaka wa 1970 akawa wa pili tena, sasa akiwa na Datsun 1600 SSS. Kampuni za Ulaya na Japani zilikuwa zimetambua kwamba gari lililoshinda Safari liliuzika dunia nzima, na zilianza kuja na ndege za kuongozea, malori ya vipuri na makumi ya makanika. Hadi mwaka wa 1971 hakuna dereva wa ng'ambo aliyekuwa ameshinda. Mwaka wa 1972 Hannu Mikkola wa Finland alivunja mwiko huo kwa Ford Escort. Ilionekana kwamba zama za fundi wa nyumbani zimekwisha.

Mwaka wa 1974 mvua ilinyesha vibaya. Joginder, pamoja na mwelekezi wake David Doig, alikuwa na Mitsubishi Colt Lancer 1600 GSR, gari dogo lenye injini ya lita 1.6 ambalo wengi hawakulihesabu. Mbele yake kulikuwa na Porsche 911 na Datsun 260Z, magari yenye injini kubwa zaidi na majina makubwa zaidi. Lancer ikafika ya kwanza. Porsche ya Björn Waldegård ikaja ya pili na Datsun ya Harry Källström ya nne. Miaka miwili baadaye Joginder na Doig walirudia ushindi huo. Safari hiyo magari ya Lancer yalijaza nafasi zote tatu za kwanza, Robin Ulyate akiwa wa pili na Andrew Cowan wa tatu. Joginder akawa dereva wa kwanza kushinda Safari mara tatu. Rekodi hiyo ilifikiwa na Shekhar Mehta mwaka wa 1980, kisha Mehta akaipita na kufikisha mataji matano mwaka wa 1982.

Haikuwa bahati kwamba gari dogo lilifaa. Injini ndogo ni nyepesi. Uzito ukipungua mbele, springi na shokabsoba huteseka kidogo, na magurudumu hayazami haraka katika tope. Lakini injini ndogo haina akiba. Ikipoteza robo ya nguvu zake Timboroa, hakuna kilichobaki cha kuchezea, kwa hiyo kila kitu ndani yake sharti kiwe sawasawa. Gari la namna hiyo lilimhitaji dereva ambaye, aliposikia mlio umebadilika, alijua ni vali, ni plagi au ni mnyororo, na alijua pia kama mlio ule ungesubiri hadi kituo cha huduma au ungedai asimame hapo hapo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika Safari mafundi wa ukuta walikuwa kilomita 100 mbele.

Tabo yaja milimani

Joginder alipokuwa akiondoka katika mashindano mwanzoni mwa miaka ya 1980, chombo kipya kilikuwa kinabisha hodi. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alikuwa amepata hataza yake mwaka wa 1905. Wazo lake lilikuwa rahisi kulieleza na gumu kulitenda. Moshi unaotoka katika injini una joto na kasi inayopotea bure; ukielekezwa kwenye gurudumu dogo lenye mapanga, utalizungusha, na gurudumu hilo litazungusha jingine linaloshindilia hewa ndani ya silinda. Chombo hicho ndicho tabo. Mwaka wa 1918 mhandisi wa Marekani Sanford Moss alikipandisha, pamoja na injini ya ndege, juu ya mlima Pikes Peak, wenye kimo cha takriban mita 4,300, ili kuthibitisha kwamba injini yaweza kurudishiwa pumzi iliyonyang'anywa na mlima. Tabo, basi, ilijithibitisha katika hewa hafifu kama ile ya Mau kabla ya kuwa pambo la magari ya kasi.

Mwaka wa 1984 Toyota ilileta Celica Twincam Turbo katika Safari na kushinda mara moja, dereva akiwa Waldegård. Ilishinda tena mwaka wa 1985 kwa mkono wa Juha Kankkunen, na mwaka wa 1986 kwa Waldegård. Mwaka wa 1987 ikawa zamu ya Audi 200 quattro, nayo ya tabo, na tangu hapo mlima haukumtisha dereva kama zamani.

Lakini tabo haikuleta nguvu bila kudai malipo. Hewa iliyoshindiliwa hupata joto, na hewa ya moto huleta ule mgongano unaotoboa pistoni, kwa hiyo ikabidi ipozwe kabla ya kuingia silindani. Mhimili wa tabo huzunguka makumi ya maelfu ya mara kwa dakika, tena jirani na ekzosi iliyowaka nyekundu, na uhai wake unategemea utando mwembamba wa oili; oili ikikatika kwa muda mfupi tu, mhimili huungua. Vumbi likipenya kichujio, mapanga huliwa. Anayeongeza msukumo wa tabo bila kuongeza petroli, kupoza na kuimarisha pistoni, huwa amekopa nguvu asizoweza kulipa. Timu ya Toyota iliyofaulu iliongozwa na Ove Andersson, mshindi wa Safari ya 1975, mtu aliyeijua njia kwa kuipita. Chombo kilikuwa kipya, ila hekima iliyokifanya kifike Nairobi ilikuwa ile ile ya gereji ya Battan Singh.

Jina na kipimo chake

Mwaka wa 1996 Tommi Mäkinen alishinda Safari kwa Mitsubishi Lancer Evolution yenye tabo. Mitsubishi ilikuwa imengoja miaka 20 tangu ushindi wa pili wa Joginder kwa Lancer. Safari iliondolewa katika ubingwa wa dunia baada ya mwaka wa 2002, na iliporejeshwa mwaka wa 2021 ilikita makao yake Naivasha na kupita Soysambu na Elmenteita, karibu na Nakuru. Magari yaliyokuja mwaka huo yalikuwa na injini ya lita 1.6, ukubwa ule ule wa Lancer ya 1974. Lancer ya aina hiyo iliyouzwa madukani ilikuwa na nguvu za farasi zipatazo 110. Magari ya 2021, kwa msaada wa tabo, yalikuwa na zaidi ya 350. Hata hivyo vumbi laini la Kedong liliyasonga baadhi yake hadi yakasimama.

Joginder Singh hakuishi kuiona siku hiyo. Alifariki jijini London tarehe 20 Oktoba 2013, akiwa na umri wa miaka 81. Katika miji ya Bonde la Ufa alikoanzia, vijana wanaendelea kufunga tabo katika Subaru na Lancer za mitumba, wengine kwa maarifa na wengine kwa pupa, na barabara ya kutoka Nakuru kupanda Mau inaendelea kuwatenga wa kundi moja na wa kundi jingine. Lugha ilimtunza Joginder kwa swali lililoulizwa madereva wenye haraka. Ingekuwa haki zaidi swali hilo liulizwe gerejini, usiku, wenzake wote wakiwa wamekwenda kulala, kwa fundi anayefungua tena injini aliyokwisha kuifunga kwa sababu hana hakika na nati moja.